Nyumba za Rangi na Nyumba ya Bibi

Sebuleni kwetu Mombasa umetundikwa mchoro wa nyumba za pwani. Nyumba zenyewe ni za buluu, manjano na waridi. Madirisha yote yametazama bahari, na minazi imeinamia mapaa. Kila mgeni huusifu. Wanetu nao waliuamini: tulipowatajia Lamu, mji wa wazee wetu, walidhani ndio huo.

Likizo iliyopita tulifunga safari tukawapeleka. Basi lilitupitisha Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha tukavuka kwa mashua. Tulipoingia mitaa ya Mkomani, mdogo wao aliuliza, "Rangi ziko wapi?" Hatukuwa na jibu la haraka. Kuta zilikuwa za mawe na chokaa iliyochakaa, na vichochoro vyembamba hata punda akija ni lazima umpishe.

Jibu tulilipata nyumbani kwa marehemu bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nje pana daka lenye baraza mbili za mawe za kukalia wageni. Ukivuka mlango, njia hupinda kwa makusudi, mpita njia asione ndani. Ndipo hufunguka kiwanda, ua usio na paa, na nuru ikakupokea. Mbele yake pana misana, vyumba virefu na vyembamba, maana upana wao ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko. Ukutani mna zidaka alimopanga bibi sahani zake. Juu ya kichochoro pana wikio, daraja la kuingilia nyumba ya pili. Humo bibi na majirani zake walitembeleana bila kukanyaga njia.

Mchoraji aliweka uzuri wa nyumba usoni. Wajenzi wa Lamu waliuweka ndani, wakaiachia njia ukuta mtupu, ili wenye nyumba wapate sitara.

Lakini nyumba hiyo inadhoofika. Khalati, anayeishi humo peke yake, alituonyesha boriti mbili zilizooza na ukuta uliopigwa saruji kwa haraka miaka iliyopita. Saruji huunyima ukuta wa matumbawe pumzi. Unyevu hukwama ndani, na mawe humomonyoka. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, ila orodha haipigi chokaa. Wanunuzi wa kutoka mbali nao hawaachi kubisha hodi. Warithi tu wengi, na baadhi yetu tulikuwa tumekwisha kusema iuzwe, kila mmoja apate fungu lake.

Khalati hakutulaumu. Aliandaa chai, akasema, "Wanangu, haki yenu ni yenu. Lakini mkija tena Lamu, mtafikia kwa nani?"

Usiku ule tulikaa kiwandani hadi saa nne. Tuliafikiana kila nyumba ya ukoo itoe mchango wa boriti na chokaa kwanza, na mazungumzo ya kuuza yangoje. Hatujui yatangoja hadi lini.

Mchoro ungali ukutani kwetu, na bado tunaupenda. Ila sasa mdogo wetu huusogelea, akaweka kidole juu ya nyumba ya manjano na kuuliza, "Kiwanda chake kiko wapi?"