Jina la Nani Limeandikwa?

Mwezi huu tuongee juu ya asiransi ya uhai, ile wengine wanaita bima. Usifunge gazeti! Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilifundisha kwamba mwenye kulipa bima hamwamini Mungu, nikasahau Yosefu na ghala zake kule Misri. Nilinyamaza siku tulipozika kijana mmoja aliyefunikwa na udongo ndani ya shimo la zahabu, upande wa Salamabila. Kilio hakijaisha, wandugu zake walikwisha kuhesabu baiskeli, mabati na mizani yake. Mjane alibaki na watoto na kitanda.

Na huyo kijana alikuwa analipa! Mtu mmoja alizoea kupita kwenye karie na kaye yake, kila juma anakusanya feza, anaandika kwa biki. Risiti hakuna. Jina la mke hakuna. Tulipomtafuta, alikwisha kuhama.

Basi ujue hili. Tangu 1966 kazi ya asiransi katika inchi yetu ilikuwa ya shirika moja tu la serikali, SONAS. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungulia makampuni mengine mlango, na ya kwanza yalipata ruhusa mwaka 2019. Chombo cha kuyachunguza kinaitwa ARCA. Kampuni lazima iwe na ruhusa yake, na mtu anayezunguka kuuza vilevile. Mwenye kaye akifika kwako, umuombe karatasi ya ruhusa kwanza. Akikasirika, umeisha kupata jibu.

Wazee wetu wanacheka wakisikia neno asiransi, na wana sababu: waliona feza ikifa. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani ziligeuka Zaire Mpya moja. Mwaka 1998 Zaire Mpya 100,000 ziligeuka franka moja. Mtu aliyeahidiwa zaire 100,000 mwaka 1985, miaka kumi baadaye angepata nini? Hata chumvi ya mboga asingenunua. Kwa hiyo uulize: nitalipa kwa feza gani, na watoto wangu watalipwa kwa feza gani?

Likelemba ni nzuri, mama yangu alitulea nayo. Lakini ukifa kabla ya zamu yako, nyumba inapata kile ulichotoa tu, kama wenzako ni waaminifu. Bima ya uhai kwa kawaida inalipa kile kilichoandikwa, hata kama umelipa miezi michache, mradi usiwe umedanganya. Kwa hiyo usiseme wewe ni mwalimu wakati unashuka shimoni kila asubuhi. Kampuni inaweza kukukatalia, ama kukuomba feza zaidi. Ni afadhali kuliko kumkatalia mjane wako.

Kubwa zaidi ni mstari wa jina. Feza ya bima ya uhai inaenda kwa yule uliyemwandika, haingojei baraza la ukoo. Wanaume, nasema na ninyi: ni wangapi wameandika kaka yao, kwa sababu bibi ni "mgeni"?

Yule mjane sasa anauza mikate mu soko la Kasongo. Juzi aliniletea karatasi ya mdogo wake ili tuisome pamoja. Hakuniacha nianze juu. Aliweka kidole chini kabisa, akauliza: "Pasta, hapa wameandika nani?"