Kabla ya Ukurasa wa Kwanza

Miaka yangu ya mwanzo kazini, riwaya niliianzia mwisho. Naingia darasani, naandika ubaoni: dhamira, wahusika, ujumbe. Wanafunzi wananakili. Kitabu kikija kufunguliwa, hamu ilishakwisha. Majibu ya mtihani wanayo kwenye daftari. Walichokosa walikinunua stendi, kwenye vile vijitabu vya uchambuzi ambavyo mpaka leo sivipendi.

Mwaka 2009 nilifundisha Kidato cha Tatu, Kanda ya Ziwa. Kitabu kilikuwa Takadini cha Ben Hanson: Sekai, mwanamke wa Kishona, anakaa miaka mingi bila mtoto, na anapompata anazaliwa na ualbino, na mila inataka auawe. Wakati huo kwetu watu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao. Habari hizo tulizisikia redioni tukinywa chai. Nilikuwa nimetoka semina, nimefundishwa kuanza na kile mwanafunzi anachokijua. Nikauliza: "Mmesikia nini kuhusu zeruzeru?"

Mikono ikapanda. Hawafi, wanatoweka. Ni mikosi. Viungo vyao vinaleta utajiri, samaki wanajaa wavuni. Nikaandika yote kwa herufi kubwa, nimefurahi darasa limechangamka. Dawati la mbele, nilipomweka mwenyewe ili aone ubao, alikaa binti mwenye ualbino.

Kengele ilipolia, alibaki.

"Madamu, hayo ya ubaoni nifute?"

Alifuta yeye. Mimi nilisimama na chaki mkononi.

Kesho yake asubuhi nilimwita ofisini nikamwomba radhi. Darasani nikasema lile neno nililolitumia si la kumwitia mtu. Mbinu ya semina sikuitupa, ila niliacha kuuliza walichosikia, maana kinachosikika kwetu ni uvumi. Nikawaambia wafumbe macho. Ni usiku. Una mtoto mchanga mwenye ualbino. Jogoo akiwika uwe umeshatoka kijijini, na hurudi tena. Beba vitu vitatu.

Wavulana karibu wote walibeba panga. Mmoja akabeba unga. Mwenzake akamuuliza atasonga ugali na nini, sufuria hana. Kiberiti kilizua ubishi mkubwa zaidi: moto utawaonyesha wanaowafuata mlipo. Wanaofuata ni nani? Baba wa mtoto yuko wapi? Huko mnakokwenda watawapokea? Maswali hayo sikuyaandaa mimi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu ya kufundisha niliona darasa linakidai kitabu.

Yule binti aliandika: kanga, maji, kofia ya mtoto.

"Usiku kofia ya nini?" akacheka mvulana wa nyuma.

"Kutakucha," akajibu, bila kugeuka.

Nikagawa vitabu. Vilikuwa 7, wanafunzi 48.