Uso Wazi wa Ngoma za Chuka

Barabara ya Embu kwenda Meru hupanda na kushuka mabonde ya mito inayotoka Mlima Kenya. Ukivuka mto Thuci umeingia Tharaka-Nithi, na haichukui muda kabla ya kufika Chuka. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, na uwanja wa kijiji ulijaa kabla jua halijapoa.

Pembeni paliwashwa moto wa majani makavu. Wapigaji walizipasha ngoma zao moto hapo hadi ngozi ikakaza. Walizigonga kwa kidole, wakasikiliza, wakazirudisha motoni. Ngoma ya Wachuka ni ndefu, gogo lililochimbwa ndani, wala haipigwi umeketi. Hubanwa katikati ya mapaja, mpigaji akainama juu yake na kutembea nayo. Filimbi ilipolia, wanaume wote walisogea kwa mruko mmoja, na mtikisiko ukanipanda kutoka nyayo hadi kifuani.

Kusini mwa Tanzania, Wamakonde huvaa vinyago vya mapiko, mchezaji akafichika asijulikane ni nani. Hapa uso uko wazi. Akina mama walikuwa wakishangilia kila mpigaji huku wakimtaja mamake. Kijana aliyenileta kwa bodaboda, mpole wa maneno machache, alikuwa mstari wa mbele, macho yamekaza, shingo imetuna, na sikumtambua mpaka aliponipita mara ya pili. Naamini huo ndio uigizaji mgumu kuliko wote: kugeuka mtu mwingine mbele ya watu waliokulea.

Zamani wapigaji walivaa ngozi za mbega. Mbega sasa analindwa na sheria, na hawa walivaa za mbuzi. Mchezo haukupungua kitu.

Wakenya wengi huzijua ngoma hizi kutokana na sherehe za kitaifa, ambako kila kikundi hupewa dakika chache tu mbele ya jukwaa la wakubwa. Hazitoshi. Mapigo haya huchukua muda kushikana. Mzee kiongozi alisimamisha mchezo kwa sababu mvulana wa mwisho alikuwa akiwatangulia wenzake.

“Sikiliza miguu yao, mwanangu,” alimwambia. “Mikono itafuata.”

Walianza upya, wakasimamishwa tena, wakaanza tena. Hapo mvulana akaingia sawasawa, wanawake wakapiga vigelegele, na mstari mzima ukageuka kuja upande wetu, tukalazimika kurudi nyuma kuwapisha.