Chanji: Gunia la Mahindi Lina Hesabu Yake

Chanji ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa, ambako asubuhi za Juni na Julai hutaka sweta na khanga juu yake. Hiyo ndiyo miezi ya neema. Mahindi huanikwa kwenye maturubai, maharage hupepetwa, na wanunuzi hupita nyumba kwa nyumba.

Lakini sisi tunaopima watoto kliniki tunaona jambo jingine. Rukwa ni ghala la nchi, na bado utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu ni nyingi: uji wa mahindi matupu, maradhi, mama kuzidiwa na kazi. Nyingine ni ya mfukoni: chakula huuzwa bei ikiwa chini, kisha Februari unga hununuliwa kwa bei ya juu.

Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, fedha za mazao zinaweza kukaa kwenye simu badala ya chini ya godoro. Hata hivyo simu hutunza fedha tu. Kupanga ni kazi yako. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tuchukue mfano. Mama amevuna magunia 20. Kwanza atenge ya kula mpaka mavuno yajayo, tuseme 8. Yaliyobaki 12 ndiyo biashara. Kama mbegu, mbolea, vibarua na usafiri vilimgharimu shilingi 800,000, kila gunia limekula 40,000. Anayempa 38,000 anakula jasho lake. Tena akatae lumbesa, adai mizani.

Fedha ikiingia, igawe siku hiyo hiyo: ya mbolea ya msimu ujao, ya shule, ya mboga na mayai ya watoto. Ya mbolea iache kwenye simu, au nunua hisa VICOBA, ambako funguo tatu za sanduku hushikwa na watu watatu. Hakikisha kikundi kimesajiliwa, kama inavyotaka sheria ya mwaka 2018. Usitoe fedha kidogo kidogo, maana kila mara kuna makato. Namba ya siri usimtajie mtu, hata wakala.

Basi akina mama, kaeni na baba watoto mkubaliane magunia ya kula kabla mnunuzi hajabisha hodi.