Kizingo cha Kisima

Ukifika Goma usitafute visima. Mji huu umekaa juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na Nyiragongo, mlima wa moto. Mvua hunyesha kwa wingi, ila maji hupenya nyufani yakapotea, na kuchimba shimo ni kazi ya nyundo na patasi. Basi watu huteremka Ziwa Kivu na bidoni zao, na vijana huzipakia juu ya chukudu za mbao.

Watu wa Pompeii, katika nchi ya Italia, waliijua taabu hiyo. Nao walikaa juu ya mwamba wa moto, hata mlima Vesuvio ulipoufunika mji wao mwaka 79. Mapaa yao yaliinama kuelekea ndani. Mvua ikaanguka birikani, kisha ikashuka katika tangi chini ya sakafu. Juu ya mdomo wa tangi walisimamisha kizingo cha mviringo, cha jiwe au cha udongo uliochomwa. Matajiri walikitaka cha marimari yenye nakshi. Warumi walikiita puteal. Uzuri ulikuja baadaye. Kwanza kilimzuia mtoto asitumbukie, na taka za sakafuni zisiingie majini. Sheria ya Musa nayo ilimdai malipo mtu aliyechimba shimo asilifunike, ng'ombe au punda akafia humo.

Maji machafu yaliua wengi Goma. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wapata milioni moja walitoka Rwanda wakaja huku, wakanywa maji ya ziwa bila kuyasafisha. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, walio wengi kwa kipindupindu na kuhara.

Mwenye bati anaweza kukinga mvua, kama watu wa Pompeii. Lakini tangi lililochimbwa, mdomo wake ukawa sawa na ardhi, ni mtego kwa watoto, na kila mvua hulisombea uchafu wa uani. Mawe ya kizingo hayakosekani, kwetu hasa! Yale yaliyopita katikati ya mji mwezi wa Januari 2002 yamekwisha kuwa kuta za nyumba. Ila yana matundu mengi. Yapakwe saruji ndani na nje, na mfuniko uwepo.

Kule Pompeii vizingo vingine vingaliko. Ukipapasa ukingo wake, kidole huingia katika mifuo iliyochimbwa na kamba za ndoo.