Nyumba za Waliotoka Mbali

Kaskazini mwa Uswidi, karibu na mwisho wa ghuba inayoitenga nchi hiyo na Ufini, kuna mji mdogo wa pwani uitwao Luleå. Tulifika huko mwezi Machi, sisi wanne: wachungaji wawili, mzee mmoja wa kanisa, na mama mmoja kiongozi wa umoja wa wanawake. Tulikuwa wageni wa usharika mmoja wa huko. Jioni tulipanda treni Stockholm, tukalala humo, na kulipokucha tulikuwa bado tunapita katika misitu ya misonobari iliyofunikwa na theluji, wala mji ulikuwa haujaonekana.

Usiku ule treni ilipita Vindeln, mahali alipozaliwa Bengt Sundkler mwaka 1909. Wazee wa Bukoba wanalijua jina hilo. Alikuwa askofu wao kuanzia mwaka 1961 hadi 1964, kisha akamwachia kazi Josiah Kibira, yule ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Tunalitaja hili mwanzoni ili msomaji ajue kwamba hatukwenda ugenini kabisa. Mtoto wa misitu ile alikwisha kuja kwetu na kula matoke yetu, nasi sasa tulikuwa tunakwenda kula samaki wao.

Kitu cha kwanza tulichooneshwa Luleå ni bahari, na bahari yenyewe ilikuwa imeganda. Maji ya ghuba ile yana chumvi kidogo sana, kwa sababu mito mikubwa inamwagika humo, hivyo wakati wa baridi huwa barafu ngumu. Watu wa manispaa hufagia theluji juu yake na kufanya njia ya kutembea kuuzunguka mji, na njia nyingine ya magari kwenda visiwani. Tuliwaona kina mama wakisukuma vigari vya watoto juu ya bahari, na bibi mzee akiteleza juu ya kiti chenye vyuma viwili chini, kikapu cha sokoni kikiwa mbele yake. Mzee wetu alisimama ukingoni muda mrefu. Mwishowe akasema kwamba Petro angepewa bahari ya namna hii asingezama, akaweka mguu. Tukamfuata.

Lakini tulichokuja kukiona hasa kiko bara kidogo, kama kilomita kumi kutoka mjini, mahali paitwapo Gammelstad, maana yake Mji wa Kale. Hapo pana kanisa kubwa la mawe lililowekwa wakfu mwaka 1492, miaka ishirini na mitano kabla Martin Luther hajatoa hoja zake 95 kule Wittenberg. Juu ya madhabahu kuna michongo ya mateso ya Bwana wetu, iliyotengenezwa Antwerp karibu na mwaka 1520. Nje, pande zote za kanisa, kuna nyumba ndogo za mbao 424, zilizopakwa rangi nyekundu, madirisha yakiwa na fremu nyeupe. Tangu mwaka 1996 mahali hapo pamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Tuliuliza nani anaishi katika nyumba hizo. Tuliambiwa kwamba karibu zote hazina mkazi. Zilijengwa kwa ajili ya Jumapili.

Habari yake ni hii. Zamani usharika ule ulikuwa mkubwa mno, na wakulima walitawanyika mabondeni na visiwani. Sheria ilitaka watu wote wahudhurie ibada: anayekaa ndani ya kilomita kumi aje kila Jumapili, wa mpaka kilomita ishirini aje Jumapili moja aache moja, na wa mbali zaidi aje kila Jumapili ya tatu. Fikiri safari hiyo katika baridi, kwa farasi au kwa miguu, mchana ukiwa wa saa chache tu. Mtu hawezi kwenda na kurudi siku moja. Basi kila familia ilijenga nyumba yake ndogo karibu na kanisa: chumba, meko, vitanda. Farasi walikuwa na mazizi yao. Watu walifika Jumamosi, wakawasha moto, wakalala, na kengele ilipolia asubuhi hatua zilizobaki zilikuwa chache. Baada ya ibada walisikia habari za nchi, walifanya biashara, walimaliza mashauri yao, na vijana walitafuta wachumba. Watoto wa kipaimara walikaa hapo wakati wa mafundisho yao.

Mwenyeji wetu, mama mwenye umri wa miaka sabini na kitu, alitufungulia nyumba ya ukoo wake. Tuliingia tukiinama. Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje, maana moto ulikuwa haujawashwa tangu msimu uliopita. Kitanda kilikuwa kimejengwa ukutani, kifupi, na kulikuwa na meza moja, na kabati lenye vikombe sita. Tulimwuliza kwa nini anaitunza na kuipaka rangi, naye anakaa mjini na ana gari linalomfikisha kanisani kwa dakika kumi na tano. Akajibu kwamba mama yake alilala humo usiku wa kuamkia kipaimara, naye vilevile, na binti yake vilevile. Mjukuu wake bado hajaamua kama atapata kipaimara. Akasema hivyo, akanyamaza, akachukua ufagio mdogo akafagia theluji iliyokuwa imeingia kizingitini. Hatukumwuliza zaidi. Mama kiongozi wetu, ambaye naye ana wajukuu, alimshika mkono.

Hapo inafaa tueleze kwa nini mji wenyewe uko mbali na kanisa lake la kwanza. Luleå ilipata hati ya kuwa mji mwaka 1621, wakati wa Mfalme Gustav II Adolf, na ilikuwa hapo hapo Gammelstad, kando ya maji. Lakini nchi ile inapanda. Zamani sana, katika enzi ya barafu, tabaka la barafu lenye unene wa kilomita kadhaa lililala juu yake likaikandamiza. Barafu iliyeyuka maelfu ya miaka iliyopita, na ardhi bado inajiinua, karibu milimita tisa kwa mwaka. Kwa mtu anayeishi hapo hilo halionekani. Hakuna asubuhi hata moja watu walipoamka wakakuta bahari imeondoka. Lakini milimita tisa kwa miaka mia moja ni karibu mita nzima, na meli zikaanza kukwama. Mwaka 1649 mji ukahamishwa kuifuata bahari. Kanisa la mawe halikuweza kuhama, likabaki pamoja na nyumba zake. Kule kwenye mji mpya wakajenga kanisa lingine, na mahali hapo leo limesimama kanisa kuu la matofali mekundu lililokamilika mwaka 1893. Mwaka 1904 likawa kanisa la askofu wa dayosisi mpya ya Luleå.

Jumapili tuliabudu Gammelstad. Tulihesabu watu waliokuwa kwenye mabenchi, na pamoja na sisi hawakufika sitini, katika jengo linaloweza kuchukua mamia. Kinanda kilipigwa vizuri, Neno lilihubiriwa, tukashiriki Chakula cha Bwana. Baadaye wote walikwenda kwenye ukumbi kunywa kahawa na mikate ya mdalasini. Desturi hiyo wanaishika sana. Tuliona kijana mmoja aliyekuja peke yake. Kabla hajamaliza kumimina kahawa, wazee wawili walikuwa wamekwisha kumvutia kiti. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda. Sisi tuliotoka katika sharika ambako watu husimama nje kwa kukosa nafasi tulitazama jambo hilo kwa makini. Bahari imerudi nyuma kwao, na hawaoni aibu kulisema. Lakini aliyefika amepokelewa.

Tusizisifu siku zao za kale kupita kiasi. Wengi walikuja kwa sababu sheria iliwalazimisha. Na wako waliokuwa mbali kuliko wote, Wasami, wenyeji wa zamani wa nchi za kaskazini, ambao wengi wao walihama na mifugo yao kati ya milima na misitu. Kanisa liliwafuata na Injili, lakini pia lilishiriki kuidharau lugha yao na mila zao, na kuwaweka watoto wao katika shule za kutengwa. Kanisa la Uswidi limeyakiri hayo hadharani. Liliomba radhi rasmi kwa Wasami mwaka 2021 huko Uppsala, na tena mwaka 2022 huko huko Luleå. Mwenyeji wetu alitueleza habari hizo mwenyewe, bila sisi kuuliza. Kutokana na hilo tulitambua kwamba umbali hauhesabiwi kwa kilomita peke yake. Mtu anaweza kukaa jirani na mnara wa kanisa, asikie kengele kila Jumapili, na bado awe mbali kwa sababu ya namna alivyotendewa humo.

Jioni ile, tukiwa tunatembea tena juu ya barafu, mzee wetu alianza kueleza habari za mtaa mmoja wa usharika wake. Mtaa huo uko saa tatu kwa miguu kutoka kanisani, na wakati wa masika kuna mto wa kuvuka. Watoto wa kipaimara wa huko huja Jumamosi, wakalala sebuleni kwa mwinjilisti, na mke wa mwinjilisti huwapikia ugali na maharage. Mwaka huo walikuwa kumi na mmoja. Unga ni wake, maharage ni yake, kuni anaokota mwenyewe. Mzee alisimama akageukia nyumba nyekundu ambazo hazikuonekana tena kutoka pale. Akasema, "Hawa walijenga nyumba mia nne na zaidi, kila ukoo chumba chake. Kwetu kazi yote hiyo anaifanya mama mmoja. Sasa, wachungaji, huyu mama akiugua?"

Hatukuwa na jibu la kumpa pale juu ya barafu.

Tulipolala tulisoma Marko sura ya nane. Tunaijua habari hiyo kama muujiza wa mikate saba, nasi tumeihubiri mara nyingi tukizihesabu makanda za mabaki. Lakini tazama Bwana alianzia wapi. Alianza kwa kuifikiria njia ya kurudi. Aliona kwamba watu wamekaa naye siku tatu, chakula kimewaishia, na baadhi yao wametoka mbali. Akiwaaga hivyo hivyo watazimia njiani. Hakuna aliyemwambia. Aliwajua wa mbali katikati ya maelfu, akajua na urefu wa njia yao. Wanafunzi waliuliza mkate utatoka wapi nyikani, na swali lao lilikuwa la haki. Bwana akawauliza wana mikate mingapi.

Wapendwa, ibada zetu ni ndefu na ni tamu. Tunaimba, tunasikiliza kwaya nne, tunatoa sadaka, tunasoma matangazo, kisha tunatoka nje kwenye mnada wa ndizi, mayai na jogoo. Anayekaa karibu akisikia njaa huponyoka akanywa chai akarudi. Aliyetoka mtaa wa mbali aliamka saa kumi usiku, na saa nane mchana bado amesimama chini ya mwembe na mtoto mgongoni, akiwaza mto na mawingu. Siku moja hatakuja. Jumapili inayofuata hatakuja tena. Hakuna atakayesema ameliacha kanisa, maana hakuna atakayeona. Milimita tisa hazionekani.

Tuliporudi, mzee alilipeleka swali lake kwenye baraza la usharika, kwa maneno yale yale. Kulikuwa na ubishi, kwa sababu fedha zilizokuwepo zilipangiwa fremu za maduka mbele ya kanisa, na fremu huleta kodi kila mwezi. Wote waliosema walikuwa na hoja. Mwishowe baraza liliamua mambo mawili. La kwanza, jumuiya kumi za karibu zishike zamu, kila Jumamosi jumuiya moja ilete unga, maharage na kuni, na kina mama wawili wa kusaidia jikoni. Hilo lilianza wiki ile ile, kwa sababu halikuhitaji fedha. La pili, vijengwe vyumba viwili vya kulala nyuma ya kanisa, kimoja cha wasichana na kimoja cha wavulana, na fremu zisubiri. Tunapoandika haya tumefikia lenta. Bati bado. Mke wa mwinjilisti, alipoambiwa kwamba sasa atapumzika, alisema atapumzika Jumamosi ambayo watoto hawaji.

Nasi tungependa kila msomaji aende kanisani kwake Jumapili ijayo na maswali matatu. Ni nani ametoka mbali kuliko wote leo? Amekula nini? Atafika kwake saa ngapi? Ukishindwa kujibu, usimwulize mchungaji. Mwulize yeye mwenyewe, na umwulize akiwa amekaa, si akiwa njiani. Huenda ukagundua kwamba umbali wake si wa mto wala mlima. Huenda ni neno alilowahi kuambiwa mlangoni. Hilo nalo lina chakula chake na makao yake.

Mtunga Zaburi ya 84 anamtazama shomoro aliyepata nyumba karibu na madhabahu za Bwana, na anamhesabu kuwa mwenye heri. Mungu atupe macho ya kuwaona waliotoka mbali, na mikono ya kuwatengenezea mahali kabla jua halijazama. Amina.