Nyuzi za Waya wa Pasi

Fundi aliyetuwekea umeme nyumbani kwetu Tanga hakukosea. Aliyekosea ni mimi. Nilinyamaza, naye akabeba lawama yangu kwa miaka 28.

Nilikuwa kidato cha tatu, likizo ya mwezi wa sita. Nilikuwa nimezungushia msumari wa inchi sita waya wa shaba wenye vanishi, mabaki niliyopewa na jirani anayesuka mota, mizunguko kama 500. Kwa betri mbili za redio, sumaku yangu iliinua pini za kushonea za mama, kisha bisibisi ndogo. Mdogo wangu wa miaka tisa alishangilia kila kilichonasa, halafu akauliza: “Kaka, nyundo je?”

Nilitaka aendelee kunitazama vile. Betri zangu zilikuwa volti 3, ukutani kulikuwa na volti 230, basi nikaamini sumaku itapata nguvu zaidi ya mara sabini. Nikatafuta plagi.

Kanuni ya Ohm nilikuwa nimeifanyia mtihani muhula uleule na kupata alama zote. Siku ile sikuigusa. Waya wangu, mita 11 hivi zenye unene wa milimita 0.4, ulikuwa na ukinzani wa omu moja na nusu. Gawanya 230 kwa hiyo, unapata ampea 153. Ukijumlisha ukinzani wa nyaya za nyumba, mkondo bado unapita 100, wakati pasi ya wati 1,000 inakula ampea nne na kidogo. Na hata nguvu niliyoitamani isingekuja, kwa sababu chuma hushiba usumaku. Kikishashiba, mkondo wa ziada hukiongezea kidogo mno, na waya ndio unaolipa kwa joto.

Nilipowasha swichi nilisikia mngurumo mfupi, ukafuata mwanga wa buluu na mlio kama wa fataki. Punje ya shaba iliyoyeyuka ikamrukia mdogo wangu juu ya kiganja. Redio ya sebuleni ikazimika. Chumba kilinuka vanishi iliyoungua, na yeye alikuwa amesimama na nyundo mkononi, hajalia bado.

Nyundo ile ndiyo inayonikosesha usingizi hadi leo. Vanishi ikiungua, waya unagusana na msumari, na msumari unakuwa na umeme sawasawa na tundu la soketi. Nilikuwa nimemwambia aisogeze nyundo taratibu hadi inase. Fyuzi ingechelewa kidogo tu, angekuwa ameishika nyundo wakati kichwa chake cha chuma kinagusa msumari. Miliampea 30 zinazopita kifuani zinaweza kuuvuruga moyo. Mimi nilikuwa nimeita zaidi ya ampea mia.

Wazazi walikuwa kazini. Nilimpaka mdogo wangu dawa ya meno, jambo ambalo nalo ni kosa, maana kidonda cha moto huhitaji maji safi ya baridi. Nikamwapisha asiseme. Kisha nikakifungua kishikio cha fyuzi cha kaure. Waya mwembamba wa ndani ulikuwa umekatika kama ulivyotakiwa. Sikuwa na mwingine. Nikachuna kipande cha waya wa pasi mbovu, nikasokota nyuzi zake zote pamoja, nikafunga. Redio ikaimba.

Sumaku ilikuwa upumbavu wa dakika moja. Hili la fyuzi nililifanya kwa utulivu, nikijua ninaficha. Waya wa awali ungekatika kwenye ampea 30 hivi. Nyuzi zangu zingevumilia zaidi ya mara mbili ya hizo, na nyaya za ukutani hazikuwekwa kwa mzigo huo. Tangu saa ile, kitu ambacho kingekuwa cha kwanza kuungua katika nyumba yetu hakikuwa fyuzi tena. Nililala humo, na wazazi wangu wakalala humo, mwaka mzima.

Mwaka uliofuata waya wa jiko la umeme ulichubuka nyuma ya kabati. Fyuzi haikukatika. Soketi ikawaka, moto ukapanda pazia. Mama alikimbilia swichi kuu, kisha akalivuta pazia kwa mikono na kulizima kwa ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Vidole vyake viwili havikunjiki vizuri mpaka leo.

Mtu aliyekuja kukagua alitoa kishikio, akakionyesha, akauliza nani kafunga waya huu. Baba akamtaja fundi wa mtaani kwetu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba alilisema jambo hilo msikitini na dukani, na fundi akaacha kuitwa mtaani. Baada ya miezi akahama. Baba alifariki akiamini hivyo.

Mwaka huu binti yangu aliniomba tutengeneze sumaku ya umeme kwa ajili ya shule. Tulianza na hesabu. Tulichukua transfoma ya volti 12, ile ambayo koili ya upande wa ukutani na ya upande wetu hazigusani hata kidogo, imefungiwa ndani ya kasha lake. Baada yake tukaweka dayodi nne ili mkondo uende upande mmoja, fyuzi ya ampea 2, na waya mrefu wa kutosha kuufikisha ukinzani omu 12, yaani ampea moja na si zaidi. Dayodi nyingine tuliifunga kinyume kwenye ncha za koili, kwa sababu koili ikikatiwa umeme hurusha volti kubwa za ghafla. Tuliwasha kwa sekunde chache, tukazima, tukapima joto. Nilimsimulia kuhusu Mwingereza William Sturgeon, ambaye mwaka 1825 aliinua kilo nne kwa chuma cha gramu 200 na betri ya seli moja, na Mmarekani Joseph Henry, ambaye mwaka 1831 aliinua zaidi ya kilo 900 kwa betri ndogo, kwa kuongeza mizunguko ya waya uliofunikwa vizuri.

Akauliza nilijifunza wapi kuwa mwangalifu hivi. Nilimwambia yote. Wiki ileile nilimwambia mama, akatazama vidole vyake, akaniambia niende kwa fundi kabla sijarudi kumwona tena.

Nilimkuta Muheza, ana duka dogo la taa na soketi. Nilimwamkia shikamoo, nikajitaja mimi ni mtoto wa nani, nikaeleza bila kuketi. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu, mikono juu ya kaunta.

“Ulifunga nyuzi ngapi?”

“Zote, mzee.”

Akainamisha kichwa, akazihesabu kwa midomo bila sauti.